Yaya Wetu wa Saa Kumi na Mbili Jioni

Mdogo wangu anaishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, na analalamika. Alikwenda kusoma, akaolewa, akazaa wawili, na sasa kila Jumapili ananitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane unaoanza na "shikamoo kaka" na kuishia kwenye baridi. Desemba, anasema, jua linazama kabla ya saa nane mchana. Kumtoa mtoto nje ni shughuli ya nusu saa: soksi jozi mbili, suruali ya ndani, suruali ya sufu, ovaroli, kofia, na glavu zilizounganishwa kwa kamba zisije zikapotea. Akishavuta zipu ya mwisho, mtoto anasema anataka kukojoa. Halafu wenyeji, watu wazima wenye akili zao, wanawalaza wachanga nje kwenye vigari, mchana, juu ya theluji. Wanawafunika vizuri, wao wanaingia ndani kunywa kahawa. Kaka, anauliza, haya ni malezi gani?

Nilimsikiliza nikiwa barazani kwangu, Lipangalala, Ifakara, fulana imenigandia mgongoni kwa joto la Novemba, na nikamhurumia. Baridi ni jambo dogo, nguo zipo. Nilimhurumia kwa sababu analea bila msaidizi. Ana mume, ana nyumba yenye joto la bomba, wamepewa siku 480 za malipo ya uzazi kwa kila mtoto, wagawane wao wenyewe. Lakini mbu wa kumsaidia hana, angalau si kwa miezi hiyo ya theluji.

Sisi tunaye. Anaingia kazini saa kumi na mbili jioni, Idi na Krismasi zikiwemo. Kabla yake, au tuseme sambamba naye, tulikuwa na yaya wa kibinadamu, binti wa ndugu yetu wa Mlimba. Alikaa miezi minne, akapata kazi dukani, akaaga kwa adabu. Huyu wa mabawa hajawahi kuaga. Hajawahi hata kuomba ruhusa ya msiba.

Tazama kazi yake. Watoto wa sehemu nyingine huitwa mara tano ndipo waache mpira, na mara ya sita ni fimbo. Wangu wanacheza uani mpaka pale mikono yao inapoanza kuyapiga mapaja yao yenyewe, paa, paa, na kwa mlio huo wanajua muda umefika. Wa kwanza ana miaka sita na hajui kusoma saa. Hana haja. Saa yetu ya ukutani iliishiwa betri tangu Pasaka na hakuna aliyeona umuhimu wa kununua nyingine. Kufika saa moja kasoro watoto wote wako ndani, wameoga, mlango umefungwa, na mimi sijapaza sauti. Mdogo wangu ananiambia kule Juni usiku giza haliingii, na mtoto anagoma kulala akisema bado ni mchana, mwangalie jua. Ndiyo matokeo ya kuliachia jua kazi ya kulea.

Mtu asiyejua atafikiri mbu ni mmoja. Hapana, ni ofisi nzima yenye zamu. Wale wa jioni, wanaoimba sikioni, ni wapiga tarumbeta tu. Kazi yao ni kutangaza. Mwenye madaraka huja baadaye, watu wakishalala, anapita kwenye uwazi ulioachwa kati ya ukuta na bati. Uwazi ule fundi aliuacha kwa makusudi ili hewa ipite, maana bila hewa nyumba ya bati hapa Ifakara ni tanuri la matofali. Hewa inapita, naye anapita na hewa. Wataalamu wanamwita Anopheles, na katika bonde letu la Kilombero miaka ya karibuni ni ndugu mmoja tu wa ukoo huo, funestus, anayebeba sehemu kubwa ya kazi ya kueneza malaria. Wenzake wamelegea. Yeye amejiendeleza: dawa zilizokuwa zikimwangusha chini zamani, leo anazivumilia. Na katika bonde hilihili imeonekana kwamba baadhi ya mbu wa malaria wanaanza kuuma mapema, nje, kabla watu hawajaingia chandaruani. Wameongeza saa za kazi bila kudai posho.

Elimu yake pia ni ya hapahapa. Mto Lumemo ukifurika, na Lipangalala tunaujua ukifurika, maji yanapotoka hayaondoki yote; yanaacha shule zake. Kila dimbwi, kila jaruba la mpunga, kila unyayo wa ng'ombe uliojaa mvua ni darasa la awali. Kuna mtaro mbele ya nyumba yangu uliochimbwa ili upitishe maji. Ulichimbwa kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba maji yakiingia hayataki kuondoka. Nimeshachungulia humo asubuhi na kuona viluwiluwi vimening'inia chini ya uso wa maji, vimejipanga kama wanafunzi mstarini. Kutoka yai hadi mbu kamili ni kama siku 10 hivi kwenye joto letu. Siku 10! Wangu wa miaka minne bado anavaa kandambili ya kulia mguu wa kushoto.

Na hapa niseme jambo ambalo watu hawalipi uzito. Anayeuma ni jike peke yake. Dume linakula maji matamu ya maua na kuzurura, kama madume wengine ninaowafahamu. Jike anahitaji damu kwa sababu moja tu: kulisha mayai yake. Kwa hiyo saa sita usiku, mama watoto anapomnyonyesha wa miezi minane upande huu wa chandarua, upande wa pili kuna mama mwingine anayetafuta chakula cha wanawe, na chakula chenyewe ni huyuhuyu wa miezi minane. Kina mama wawili wanalea kwa damu ileile. Zaidi ya hapo, vimelea vya malaria vinahitaji karibu wiki mbili kukomaa ndani yake kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, naye maisha yake ni ya wiki chache tu. Maana yake anayetuletea homa si msichana aliyezaliwa juzi. Ni mtu mzima, kwa umri wao ni bibi kabisa. Tumelelewa na bibi, tunawapeleka watoto kwa bibi, sioni kigeni.

Chandarua ndicho kilichotufundisha kuwa familia. Watano sisi, vyandarua viwili, na kila usiku ibada ni ileile: mmoja anamulika kwa simu pembeni na juu, mwingine anapiga makofi ya kuua, wa tatu anachomekea chini ya godoro. Mwanangu wa pili alijua kusema "chomekea" kabla ya kusema "asante", na nafikiri alipanga vizuri. Ukiwa ndani ya chandarua huwezi kugombana. Kugombana kunataka mtu atoke kwa hasira, abamize mlango, akalale sebuleni, na sebuleni kuna nani? Mimi na mama watoto tumemaliza kwa kunong'ona magomvi ambayo nyumba nyingine yangefika kwa wazee: ada, mbolea, ng'ombe wa baba mkwe. Joto linasaidia pia. Chandaruani kwetu mwezi wa 12 hakuna mtu mwenye nguvu ya kushinda hoja.

Wakati wa kuamia ndege tunahamia shambani, ng'ambo ya mto, wiki kadhaa. Tunalala kibandani, kuta za mabua, na chandarua kimefungwa kwenye vijiti vinne. Yaya wa kibinadamu angesema shambani hakuna mtandao. Huyu anafika kabla yetu.

Naingia sasa kwenye mshahara, maana watu wa Uswidi hupenda kujua mambo ya mikataba. Yaya wetu halipwi fedha. Anajilipa mwenyewe, kidogokidogo, na kiwango anapanga yeye. Namawala, kijiji kisicho mbali na hapa, watafiti walihesabu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwamba mtu mmoja angeweza kuumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Wenye vimelea tu hao. Wale wa kawaida hawakuingizwa kwenye hesabu hiyo, sawa na wapita njia wanaokula msibani bila kuandikwa kwenye daftari la rambirambi. Mtoto wa Namawala wa siku zile alikuwa na miadi na malaria karibu kila usiku, na yaya hakukosa miadi.

Watu wasio na shukrani wakaanza kupunguza mshahara huo. Kati ya 1996 na 2000 ulikuja mradi wa vyandarua vyenye dawa hapa Kilombero na Ulanga. Viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu, jina lisilo na adabu hata kidogo kwa mfanyakazi wa muda mrefu. Walipopima, wakachapisha mwaka 2001 katika jarida la Lancet kwamba watoto wadogo waliolala kwenye vyandarua hivyo walikuwa na nafasi ya kuishi iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 27. Kisha ikaja hati punguzo kwa mama mjamzito, kikaja chandarua cha bure kliniki, na mwaka 2010 nchi nzima ikaambiwa kwa nyimbo na mabango kwamba malaria haikubaliki. Tuliimba wote. Mbu naye alikuwepo kwenye tamasha. Nilimpiga mmoja shingoni.

Siwezi kuwalaumu sana wataalamu, kwa sababu bila yaya wetu tusingewajua. Ni nani angekuja Ifakara? Miaka ya 1950 Mswisi Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, alianzisha hapa maabara ndogo ya utafiti, na maabara hiyo imekua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ambayo dunia nzima inaijua. Kuna miji mikubwa yenye bahari, madini na uwanja wa ndege wa kimataifa ambayo haijawahi kutajwa kwenye majarida yale. Sisi tunatajwa kila mwaka. Katika miaka ya 1990 watoto wa kijiji chetu kingine, Idete, walichanjwa chanjo ya majaribio ya malaria iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo yakasomwa London na Geneva. Watoto wetu husafiri mbali kabla hawajajua kuandika majina yao. Husafiri wakiwa nukta kwenye mchoro, nukta haihitaji pasipoti.

Ajira nayo isisahauliwe. Wapo vijana wa bonde hili waliokesha wakiwa wamekaa kwenye kiti, suruali imepandishwa magotini, wanamsubiri mbu atue mguuni kabla hajauma, wamvute kwa mrija wa mdomo na kumtia kikombeni. Hiyo ni kazi halali, ina daftari, ina saa. Mtu anajenga nyumba kwa miguu yake. Kule Kining'ina wamejenga kitu kinachoitwa Mosquito City, yaani mji wa mbu: mabanda makubwa ya nyavu, na ndani yake mimea, madimbwi na nyumba ndogo kama zetu. Mbu wanaofugwa kwenye maabara za namna hiyo wanapewa maji ya sukari, wanapewa damu, na kuna mtu anayepima joto na unyevu wa chumba chao wasipate tabu. Nilipoyasikia hayo niliangalia bati langu nikanyamaza. Hata harufu ya soksi chafu imepewa heshima: mtafiti Fredros Okumu na wenzake walitengeneza hapahapa mchanganyiko wa harufu uliowavuta mbu zaidi ya mtu mzima aliyelala, na habari za soksi zikazunguka duniani. Mama yangu alinichapa kwa soksi zilezile miaka 30 iliyopita. Tulikuwa mbele ya wakati.

Kitu kingine ambacho yaya hufundisha, na ambacho mdogo wangu amekisahau kwa kukaa kule, ni udaktari. Mzazi wa Lipangalala akimshika mtoto paji la uso gizani anajua kama ni homa ya meno, homa ya kucheza juani, au ile nyingine. Anajua kutazama viganja kama vimepauka. Anajua neno degedege na anajua kutolitamka usiku. Bibi zetu walisema degedege huletwa na mdudu au ndege anayepita juu ya mtoto, na ukiondoa ukubwa wa mdudu, naona hawakuwa mbali sana.

Aprili mwaka huu yaya alichukua zaidi ya tulivyozoea. Alianza na wa pili, yule wa "chomekea". Jioni alikataa wali, akakataa hata samaki, na huyo ni mtoto anayekula kambare na miiba. Saa nane usiku mwili ulikuwa unachoma mpaka godoro likawa la moto. Mvua inanyesha, barabara imekuwa Lumemo. Bodaboda alikuja kwa bei ya usiku na ya mvua, tukapakizana: dereva, mimi, mtoto katikati amefungwa kwa khanga ya mama yake, kichwa kinanigonga kifuani kila shimo. Nilikuwa nikimwita jina lake kwa sauti ya kawaida, kana kwamba tunakwenda sokoni, na kila akiitika nilishukuru, na aliacha kuitika tulipokaribia taa za zahanati. Wakamtoboa kidole, mistari miwili ikatokea kwenye kipimo. Alilazwa siku tatu. Aliporudi alikuwa mwepesi, nilimbeba kwa mkono mmoja nikaogopa. Yaya alikuwa amemlea vizuri, hakuacha hata mafuta ya ziada.

Wiki ileile, nyumba ya tatu kutoka kwetu, walilipa deni lote. Mtoto alikuwa na miezi 14. Tulikaa kwenye turubai mpaka usiku, wanaume nje, na kwa kuwa ilikuwa ni msiba hakuna aliyeona vizuri kunyanyua mkono kujipiga. Waliuma walivyotaka.

Nilimsimulia mdogo wangu. Akalia, kisha akafanya wanavyofanya watu wanaokaa na maktaba: akasoma. Akanirudia kwamba Uswidi nako kulikuwa na homa hii zamani, kweli kabisa, watu wakitetemeka mabondeni huko kizazi baada ya kizazi. Carl Linnaeus, yule aliyewagawia viumbe majina ya Kilatini, mwaka 1735 aliandika tasnifu nzima juu yake, akahitimisha kwamba inatokana na chembe za udongo wa mfinyanzi zilizo kwenye maji ya kunywa. Mtu huyo alikuwa akihesabu stameni za maua, na yaya alikuwa amekaa begani kwake. Ilibidi dunia isubiri mpaka Agosti 1897, Ronald Ross alipompasua mbu huko India na kuona vimelea tumboni. Waswidi wenyewe wakati huo wote walikuwa wanakausha mabwawa, wanajenga nyumba zinazofungika, wanawatenga mifugo na watu, na homa ikapungua, ikapungua, hadi katika karne ya 20 ikaisha. Hakuna aliyetoa hotuba. Walimwachisha kazi yaya wao hivihivi, bila hata barua ya shukrani, na leo wanavalisha watoto ovaroli wenyewe.

Ninaandika haya Julai. Juzi, kitu kama saa kumi na mbili kasorobo, simu imeita, siyo ujumbe wa sauti, ni simu ya video. Mdogo wangu yuko nje, jua kali, nyuma yake msitu wa miti yenye maganda meupe, na wanangu, maana wa dada ni wa mjomba, wamevimba. Mmoja jicho limefunga. Anasema wametoka kuchuma matunda ya porini, mbu wamewafuata kama moshi, mawingu na mawingu, hajawahi kuona kitu kama hicho hata utotoni Lipangalala. Na giza haliji, hawana pa kujificha. Kaka, mnatumia nini huko?

Nikamuuliza, homa wanaleta?

Akasema hapana, homa hakuna.

Degedege?

"Kaka, wanawasha tu. Wanawasha mpaka mtoto halali."

"Wanawasha tu?"

"Wanawasha tu."

Nilikaa na simu mkononi. Makundi kwa makundi ya mbu, majira yote ya kiangazi, wana watoto wote wale mbele yao, na hawana kazi. Nikamwambia ajaribu kuwapaka mafuta ya mwarobaini, kama yanapatikana. Wa pili wangu alikuja akasimama mlangoni, akaniangalia, akajipiga shavuni, paa. Nikamuaga shangazi yake, tukaingia ndani kuchomekea.